Tulivyolima Anga kwa Kipanya

Kabla hujaanza kucheka niseme mwenyewe: mwandiko wangu ni mbaya. Herufi zangu zinalalia upande kama mahindi baada ya upepo, na tahajia ndiyo usiseme. Palipo na kosa nilifuta, nikaandika upya, na mara nyingine kosa likarudi palepale. Shule yangu iliishia darasa la saba. Naandika sentensi moja, natoka kuwatazama ng'ombe, ndipo narudi kuandika nyingine. Nivumilie.

Ilikuwa wakati wa rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu. Dhahabu ilionekana kwenye kilima tulichokuwa tunachungia, upande wetu wa Kenyamonta, na habari ikaenda haraka kuliko moto wa kiangazi. Watu walikuja kutoka kila upande, wengine hata koleo hawajawahi kushika. Shamba la jirani likageuka mtaa wa vibanda vya turubai. Mimi nilipata kazi ya kuzungusha winchi kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia, pamoja na jamaa mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha maiti. Kazi ilinifaa. Yeye alipiga kelele za watu wawili, mimi nikanyamaza.

Shangazi yangu hakuchimba. Alisema kila anayechimba lazima atatafuta pa kukaa, basi yeye atauza pa kukaa. Akajenga banda la video la mabati, akaweka mabenchi na jenereta. Halafu binamu yangu akafika. Yeye ni mtoto wa dada yake shangazi, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo binamu humwita shangazi mama mdogo. Alivuka Sirari na kompyuta aliyoagizwa na shangazi, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na gemu moja ya chombo cha angani.

Ile gemu ilitutesa. Chombo kinaanzia ndani ya kituo kilicho angani, kama gari ndani ya gereji. Inabidi ukitoe nje, ukipitishe kwenye mawe makubwa yanayoelea, kisha ukitue kwenye kituo cha pili. Sisi hata mlangoni hatukufika. Tuligonga ukuta wa kushoto, tukagonga wa kulia, tukagonga dari. Kipanya kilikuwa kinageuza pua ya chombo, vitufe vya kibodi vinakisukuma pembeni, kingine kinaongeza mwendo, na mtu ana mikono miwili tu. Wachimbaji wakawa wanaingia kututazama tukilipuka, wakishacheka wanatoka.

Shangazi akachoka. Alhamisi moja alisimama mbele ya mabenchi, mikono kiunoni.

"Jumapili baada ya ibada kuna mtu ananiletea friza. Anaichukua kompyuta, ananiachia friza, nauza soda baridi. Mambo yamekwisha."

"Mama mdogo, aki usifanye hivyo," binamu akasema. "Hii kitu inataka tu kuzoewa."

"Imezoea kulipuka. Haya, nawapa nafasi. Jumapili mbele ya huyo mtu, mkikifikisha chombo kituo cha pili, inabaki. Msipofika, inakwenda."

Jamaa wa winchi akainua mkono nyuma. "Mama, mimi naunga mkono friza."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Sikuwa mtu wa kwenda kilabuni wala wa kukaa kwenye vijiwe, maneno hunikauka mdomoni watu wakishazidi wawili. Mbele ya kile kioo tu ndipo nilipokaa katikati ya watu bila mtu kuniuliza kitu. Kompyuta ikiondoka, narudi kwenye winchi na nyumbani, basi.

Kesho yake binamu alikuwa kwenye kiti, jasho linamtoka, jamaa wa winchi yuko nyuma yake anaelekeza.

"Kushoto! Kushoto, mura! Ongeza mwendo! Inua pua!"

"Mikono niko nayo mbili!"

"Kwani kwenu mtu analima peke yake?"

Alisema kwa dharau tu, lakini binamu aligeuka akanitazama, na mimi nikamtazama. Kwetu plau haiendeshwi na mtu mmoja. Mmoja anatangulia kuwaongoza ng'ombe, mmoja anatembea kando na fimbo kuwahimiza, na mmoja yuko nyuma ameshika mikono ya plau. Miaka yote mimi nimekuwa wa nyuma, kwa sababu wa nyuma haongei.

Tukafungua ule ukurasa wa gemu wa kupangia vitufe. Maneno yote yalikuwa Kiingereza. Binamu alisema anakijua, lakini nilimwona anabonyeza kwanza ndipo anatafsiri. Tulimpa yeye vitufe vya kwenda kushoto na kulia, akawa kiongozi wa ng'ombe. Mwendo tuliuhamishia kwenye kitufe kirefu cha chini, kile kinachovumilia kupigwa, tukampa jamaa wa winchi awe mwenye fimbo.

"Mimi nataka friza," akasema.

"Wewe unataka kupiga kitu," binamu akamwambia. "Piga hapa."

Akapiga. Chombo kikaruka. Akacheka mpaka akakaa.

Mimi nikashika kipanya, juu ya kipande cha mbao. Hapo tukakwama tena. Nikikisukuma mbele, pua inapanda. Mkono wangu ulikataa kabisa. Kwenye plau ukiinua mikono mbele, chuma kinazama ardhini, na ukiikandamiza huku kwako, kinapanda. Nimelijua hilo kabla ya kujua kuandika jina langu. Binamu akapekua ule ukurasa, akabonyeza kila kijisanduku, kimoja kikaziba sauti, kingine kikageuza maandishi yote kuwa lugha ambayo hata yeye hakuitafsiri. Kijisanduku cha mwisho mwisho kikageuza kipanya. Nilisukuma, pua ikazama. Nilivuta, ikapanda. Nilijisikia nimevaa viatu vyangu mwenyewe.

Tulijifunza Ijumaa na Jumamosi kila tulipotoka kwenye duara. Tulikuwa tumebanana kwenye benchi moja, viwiko mbavuni. Jamaa wa winchi alipiga miluzi ileile ya ng'ombe, akakitukana chombo kwa Kikurya, na ajabu ni kwamba kilienda. Tulitoka mlangoni. Mawe ndiyo yalitushinda.

Jumapili mwenye friza akaja na bajaji ya mizigo, friza imefungwa kamba juu. Banda likajaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Watu walikuwa bado na nguo za kanisani.

"Shikamoo shangazi," nilimwamkia, maana nilikosa la kusema.

"Marahaba. Kaa ulime."

Tukatoka kituoni salama. Tukaingia kwenye mawe. Binamu anaongoza, fimbo inapigwa, mimi naikandamiza plau, tunaruka jiwe, naiinua, tunapita chini ya jingine. Banda lote lilikuwa linapiga miluzi. Mawe yakaisha. Kituo cha pili kikaonekana mbele, kikubwa, taa zinawaka, mlango wazi.

Na hapo, ndugu msomaji, tukageuka.

Hakuna aliyesema tugeuke. Tulikuwa tumefika mwisho wa shamba, na mwisho wa shamba kiongozi huwageuza ng'ombe, wa fimbo huacha kupiga, wa nyuma hukandamiza plau itoke ardhini, mnaanza mstari mwingine. Tulifanya vizuri sana, wote watatu kwa pamoja, bila kutazamana. Tulikuwa tumeshapita nusu ya mawe tukirudi tulikotoka ndipo tukasikia watu wanalia kwa kicheko. Chombo kikagonga mawe na kulipuka.

"Tulifika!" jamaa wa winchi akapiga kelele. "Tulifika tukageuza! Hiyo ni zaidi ya kufika!"

Shangazi alikuwa anajifuta machozi kwa kanga. "Nikikutuma dukani ukafika mlangoni ukageuka, chumvi iko wapi? Fungeni mashine."

Binamu akainama kuchomoa nyaya. Ndipo nikasikia sauti, na sauti ilikuwa yangu.

"Shangazi, shamba halilimwi kwa mstari mmoja."

Banda lote likageuka kunitazama, maana wengi walikuwa hawajawahi kunisikia. Halafu likalipuka. "Walime! Walime!" Mwenye friza mwenyewe akapanda juu ya bajaji, akakaa kwenye friza yake ili aone vizuri kupitia mlangoni, akasema yeye hana haraka.

Tukarudia. Mawe yalipoisha, niliona mikono ya binamu imeshaanza kugeuza. Nikasema kwa nguvu, "Jua limepanda! Tunafungua ng'ombe!" Ukifungua ng'ombe hugeuki, unasimama hapohapo. Binamu akaachia, fimbo ikatulia, chombo kikaenda chenyewe polepole mpaka ndani ya mlango. Kiliburuza ubavu mmoja wote. Lakini kiliingia.

Kompyuta ikabaki. Friza ilikwenda kuuzwa kwingine, na jamaa wa winchi mpaka leo akinywa soda ya moto ananitazama mimi. Shangazi sasa anakalisha watu watatu watatu kwenye benchi, anasema gemu hiyo hailimwi na mtu mmoja.

Ila juzi binamu alirudi kutoka kwao na habari kwamba huko mjini watu wanaicheza peke yao, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine kwenye vitufe vyote. Namwambia ni mwongo. Ananiambia niulize. Basi nakuuliza wewe unayesoma: umewahi kumwona mtu kama huyo? Na kipanya chako ukikisukuma mbele, pua inazama au inapanda? Niandikie. Mwandiko wako hata ukiwa mbaya kuliko wangu, nitausoma, maana nasoma polepole vilevile.