Figo Huku, Shingo Kule

Majirani walimwita Mlinzi, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Alichokuwa akilinda ni mkewe. Alimweka karakanani, kwenye meza ya kukatia vitambaa, si kwa kukosa mkataji mwingine, bali awe naye machoni asubuhi hadi jioni. Mteja akimsifia mama huyo kwa mkono wake mwepesi, bei ya kochi ilipanda papo hapo. Wivu wa bwana yule, jamani, ulikuwa hauna likizo.

Sasa kulikuwa na jambo lililomnyima raha kabisa. Mkewe alikuwa ameacha kucheka. Na si kicheko cha hivi hivi: zamani mama huyu akicheka, mafundi walisimamisha nyundo, na wapita njia walitabasamu bila kujua sababu. Siku hizi aliduwaa na mkasi mkononi, akasahau kipimo alichopewa muda huo huo. Alimaliza chupa ya maji, akafungua nyingine, na kila mara alikuwa njiani kwenda chooni, nyuma ya jengo, jirani na kibanda cha jamaa wa fotokopi.

Mlinzi akapiga hesabu zake. Kicheko hakipotei bure; kuna mtu anapelekewa. Nani? Jamaa wa fotokopi, nani mwingine!

"Unacheka na nani siku hizi?" alimuuliza.

"Nicheke nini, baba watoto? Mifupa yote inaniuma."

"Mifupa! Na huko chooni unafuata nini kila saa?"

"Mkojo. Twende wote basi, ukanishikie mlango."

Na kweli alimfuata. Jamaa wa fotokopi alipomkuta amesimama nje ya choo cha wanawake, nyundo mkononi, alimuuliza kama kitasa kimeharibika.

Wiki hiyo hiyo mama alianguka kati ya vitambaa, ameshika ubavu, jasho linamtiririka. Jiwe kwenye figo, na si la kwanza. Huko nyuma alipewa dawa ya maumivu, akaambiwa anywe maji mengi, akarudi nyumbani. Safari hii, maumivu yalipotulia, walipelekwa kwa daktari mpya wa figo na njia ya mkojo. Alikuwa kijana, nadhifu, mwenye sauti ya taratibu, na kwa Mlinzi hayo yalikuwa makosa matatu tayari.

Kijana akauliza habari za kiu. Akauliza habari za mifupa, na za kusahau. Kisha akauliza, "Na kucheka, mama, unacheka?"

"Siku hizi hapana," mama alijibu, machozi yakamlengalenga.

Daktari akasogea, akamwekea vidole shingoni, akapapasa polepole.

Mlinzi aliruka kutoka kitini. "Daktari! Figo iko huku chini. Huko shingoni umefuata nini?"

"Baba, naomba nikueleze..."

"Kamweleze mkeo!" Akamshika mama mkono, wakatoka, hata damu haijapimwa.

Nyumbani mama hakugomba. Aliketi ukingoni mwa kitanda, bado na viatu miguuni.

"Wewe umeniuliza nacheka na nani," alisema. "Yule kijana ameniuliza kwa nini sicheki. Ndiye wa kwanza."

Maneno yale yalimwingia Mlinzi barabara. Alitafuta hasira yake ya kawaida, akaikosa. Kesho yake alifunga karakana, akamrudisha mkewe kwa daktari yeye mwenyewe, akaomba radhi huku akitazama sakafu.

Vipimo vilithibitisha kile daktari alichokishuku.

"Shingoni tuna tezi ndogo nne, kila moja kama punje ya mchele," daktari alieleza. "Kazi yake ni kusimamia kalsiamu kwenye damu. Moja ya mama imekuwa kichwa ngumu. Inaitoa kalsiamu kwenye mifupa, inajaa kwenye damu, figo zinahangaika kuitoa, na humo inaganda kuwa mawe. Kiu, mkojo, usahaulifu, hata ile huzuni, vyote vimetoka hapo. Tungeng'ang'ania mawe peke yake, mwisho figo zingekufa."

Tezi ilitolewa na daktari mwenzake wa upasuaji. Kidonda kilipopona walirudi kliniki, na yule kijana akalitazama kovu. "Sema kweli, mama. Mwenzangu aliyekushona hapa, ungemwajiri kushona mito?"

Mama akacheka. Kicheko chenyewe, chote, hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

Mlinzi alifurahi. Na papo hapo wivu ukamchoma kuliko siku zote, maana safari hii hakuwa amekosea: kweli kulikuwa na mwanamume aliyemwangalia mkewe vizuri kuliko yeye.

"Asante, daktari," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama watoto, mifupa bado inakuuma?"

Mama aligeuka, akamtazama. Ni miaka mingi hajaulizwa na mumewe swali lisilo na mwanamume mwingine ndani yake.