Mguu wa Maman Véronique Waenda Kupimwa Brussels

Nilitoka Lubumbashi kwa sababu ya barua moja. Mama yangu mdogo, Maman Véronique, aliyehamia Brussels nikiwa shule ya msingi, amekatwa mguu wa kulia juu ya goti. Serikali ya huko humpunguzia kodi mwenye ulemavu, na kwa nafuu hiyo angemlipa mtu wa kumsaidia kuoga. Lakini barua ilimtaka kwanza aeleze kama hali yake ni ya kudumu, kisha aende kupimwa na daktari wa serikali. Mguu umekatwa, jamani! Walitegemea uchipue kama muhogo?

Saint-Josse, mtaa wake huko Brussels, siku ya kufika. Anakaa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Kwa wiki mbili nilipika, nikafua, nikamwogesha, naye akinigombeza kwamba namwaga maji.

Asubuhi ya kupimwa nilimtolea gauni la nyumbani. Akalitazama kama tambara la deki.

"Miye niende kwa docteur sawa muntu ya kuombaomba? Apana! Leta liputa ya fête."

Nami, mpumbavu wa pili, nikalipiga pasi liputa, kitenge chake cha sherehe, nikamfunga kilemba, nikampaka manukato. Alipendeza hadi dereva wa basi akamwamkia.

Saa nne, ofisini. Daktari, kijana mpole asiyebandua macho kwenye kompyuta, alieleza kwamba kila jambo usiloliweza lina pointi. Zikitosha, unapunguziwa kodi. Yaani mashindano ambayo mshindi ni aliyeshindwa zaidi. Waliongea Kifaransa, nawapa kwa Kiswahili chetu.

"Unaendeleaje, madame?"

"Bien, docteur. Mungu eko."

"Kutembea?"

"Haina shida."

"Kujiosha?"

Akanitupia jicho. Kwetu mwanamke mzima hamwambii mwanamume mgeni nani anamsugua mgongo.

"Minajioshaka miye mwenyewe."

Daktari akanigeukia mimi: nani anapika nyumbani? Hapo ningeweza kumwokoa. Lakini kusema mbele ya mama yako kwamba hapiki tena ni kumvua nguo hadharani.

"Yeye mwenyewe," nikasema. "Na sombe yake ya majani ya muhogo haina mfano."

Daktari akatabasamu, akabonyeza sifuri. Niliiona kwa macho yangu. Mguu wa bandia aliutazama mara moja tu, akasema umetengenezwa vizuri.

Kurudi nyumbani, ngazi zilitushinda kwenye ghorofa ya pili. Maman Véronique akaketi palepale na liputa lake, akihema, jasho likimtoka chini ya kilemba.

"Tulijibu bien, hein?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

Lubumbashi, mwezi uliofuata, picha ya barua ikaingia kwenye simu yangu: hastahili, anajitegemea katika kila jambo. Niliwatukana watu wa ofisi ile tangu mchana hadi jioni, kisha nikajitukana mwenyewe, maana sifuri ya jikoni niliiandikisha mimi. Mficha uchi hazai. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi, kumbe sikuwa nimeielewa.

Amekata rufaa. Jumapili nilimpigia.

"Uko namna gani, maman?"

"Bien." Akajirudi. "Apana. Rudilia kuuliza."

Nikarudia.

"Siwezi kujiosha," alisema polepole, kama mwanafunzi anayekariri. "Siwezi kupika. Siwezi kupanda ngazi." Kisha akaanza kulia.

Sikumbembeleza. Machozi hayo pia tunayahitaji kwenye rufaa.