Fundi wa Kutia Kasoro

Jumanne nilipeleka kigoda cha marehemu baba kwenye karakana moja ya Shauri Moyo, kisawazishwe miguu. Humo mashine huchonga twiga wa mbao wanaofanana kama mayai ya trei moja. Wanunuzi wa ng'ambo wamelalamika kwamba twiga hao hawana dalili ya mkono wa mtu. Basi mzee aliyekuwa akiwachonga zamani amepewa kazi mpya: kuwatia kasoro.

Nilimkuta akikwaruza sikio la twiga kwa patasi. Msimamizi akaja na twiga wengine wawili mkononi.

"Mzee, makosa yako hayafanani. Huyu umemkwaruza shingo, huyu mguu. Chagua kosa moja."

"Bosi, kosa likipangwa bado ni kosa?"

"Nataka moja safi. Ukishalichonga, tutaifunza mashine ilirudie, nawe upumzike."

"Nipumzike hadi lini?"

Msimamizi akatazama simu yake. "Wee chonga tu, mzee wangu."

Mzee akaipuliza patasi, akaifunga kwenye kitambaa. "Kosa langu kubwa ni kukufundisha wewe kushika patasi. Hilo ndilo uipe mashine." Akatoka bila kukigusa kigoda changu.

Nimerudi nacho nyumbani, mtaa wa Jericho, kikiyumba vilevile. Mguu mmoja ni mfupi, na baba aliomba radhi kwa kila mgeni aliyekikalia, hadi alipofariki. Maskini, hakujua kwamba siku moja kasoro ingetafutiwa msimamizi.