Antene ya Waya za Makoti

Benye kosa ni batatu, na minabaandika hapa bila haya: shemeki yangu mukubwa, ndugu ya bwana yangu, bibi yake, na mutoto wa shangazi yabo mwenye kujiita avoka, muntu wa sheria. Bwana yangu alipokufwa, habakungoja hata maua ya kaburi ikauke. Balikamata nyumba yetu ya mutaa Hewa Bora, frigo, viti, na makoti yake yote. Waya za kutundikia makoti balizitupa inje, mu lupango. Mimi nilizikusanya.

Nilibaki na kintu kimoja: mini-bus ya bwana, ile alikuwa analala ndani akienda kufanya biashara ku mupaka, Kasumbalesa. Alitia kitanda, jiko kidogo, na televizyon ya batri. Shemeki alisema, "Ile tutaiongelea siku ya kumaliza kilio." Ni kusema: mujane asipofika siku ile, banahesabu amekimbia kilio ya bwana yake, na mini-bus inaenda. Na siku yenyewe, hakuna mwenye angeniambia. Lakini nilibajua: banapenda kuonekana. Batapitisha komunike, tangazo ya kilio, ku televizyon, mangaribi, pamoja na za marehemu bengine ba muji.

Basi mategemeo yangu yote ilikuwa ku ile televizyon. Na haikukamata hata stasyon moja.

Niliweka mini-bus ku mutaa wa Naviundu, mu lupango ya mama moja wa Kasai mwenye kuuzisha unga. Niliunganisha zile waya ku kipande ya muti, nikaziweka pale ku kitanda. Mu ekra, kioo ya televizyon, muchanga mutupu.

"Mama, unafungia antene mu sanduku ya chuma?" mama wa unga alicheka. "Itie basi mu chungu, ufunike!"

Nilikasirika, sababu alisema kweli. Bati ya gari inazuia yote. Nilifunga antene ku mwanzi murefu, nikasimamisha mwanzi ku porte-bagages, chuma za mizigo juu ya gari, nikapanda juu kuigeuza. Mama wa unga aliikala ndani, macho ku ekra.

"Iko?"

"Iko muntu, kichwa hakuna!"

"Na sasa?"

"Kichwa imefika, sauti imeenda sokoni!"

Pale juu njo niliona paa za bantu. Antene zote za mutaa zilitazama upande moja, upande wa muji, kwenye kuko minara ya televizyon. Yangu ilitazama mutoni. Nikaigeuza sawa na zabo. Mama akapiga makofi. Ikabaki mistari, lakini ile ilitoka ku moteri ya gari, yenye niliacha inawaka kwa kujaza batri. Nilizima, mistari ikaisha. Masomo niliachia ku darasa ya tatu ya primaire. Macho, niko nayo.

Kila mangaribi tulitazama. Siku moja picha ya bwana yangu ikatokea, safi kabisa. Balisoma majina ya ndugu zake, badada, bapwa, hata bakwe za bapwa. Bibi wa marehemu, hapana. Lakini nilisikia: kumaliza kilio ni samedi, Jumamosi, siku ya posho, saa tatu ya asubui, Hewa Bora.

Nilienda na mini-bus yenyewe. Mwanzi sikuushusha. Shemeki alisimama ku mulango.

"Nani alikuambia?"

"Ni weye, shemeki. Jina yako ilikuwa ya kwanza."

Shangazi yabo, mama muzee, alimusukuma pembeni. "Acha mujane apite." Mbele ya bote akanivua kitambaa cheusi ya kilio, akanipakaa mafuta ku kichwa, ni kusema kilio yangu imeisha. Ule avoka akafungua makaratasi, akaanza habari ya mini-bus.

"Mutoto wangu," shangazi akamuuliza, "mujane amefika ao hakufika?"

Akafunga makaratasi yake.

Mangaribi nilikuwa Naviundu, juu ya porte-bagages. Upepo ya njia ilipinda antene kidogo, na mama wa unga alikuwa tayari ndani, anapiga kelele: mupira inaanza, na kipa hana miguu.