Kiti cha Mbele cha Gari la Chanjo

Nchi nyingi zilishirikiana kumtoa mke wangu nyumbani. Friji ilitoka nchi moja, matone ya polio nchi nyingine, na gari jeupe lilibandikwa mlangoni bendera ya nchi ya tatu. Sikusoma sana, labda naona mambo kwa upande wangu tu. Lakini dunia ambayo haikubaliani juu ya chochote, juu ya hili ilikubaliana, na mimi sikuulizwa.

Nilikuwa askari magereza. Tuliishi Nalufenya, Jinja, chumba kimoja na jiko nje, naye alikuwa sista katika kliniki ndogo hapo karibu. Niliposhushiwa uhamisho kwenda Mbale, tulipatana kwamba nitangulie, naye atafuata akipata nafasi huko. Nikapanga chumba Namatala, nikanunua kitanda kipana. Kumbe watu wa chanjo walikuwa wameshaona jinsi anavyojua kutunza dawa isipate joto, wakamchukua. Tangu hapo Mbale akawa anapita tu, hafiki.

Jirani yangu mmoja alikaanga mihogo kando ya barabara, na hakuna gari lililompita asilione.

"Afande, bibi yako amepita tena," aliniambia kila nikirudi zamu. "Ameketi mbele."

Hilo la mbele ndilo lililoniuma. Mbele ni yeye na dereva.

Sasa niandike haki ya dereva pia, maana si vizuri kumsema mtu upande mmoja. Alikuwa Mgisu wa huko huko Mbale, mnene, mcheshi, hanywi pombe, na gari aliliendesha kama amebeba mayai. Sikumkuta na kosa lolote. Ningemkuta nalo ningelala vizuri zaidi. Na juu ya chanjo yenyewe sikuwa na mdomo, kwa sababu mdogo wangu wa tumbo moja anatembea kwa fimbo tangu utotoni, na ugonjwa uliomfanya hivyo ni huo huo. Nilikuwa na wivu usio na mahali pa kuegemea.

Asubuhi moja nilimkuta mke wangu bohari ya dawa hapo Mbale, anapanga barafu ndani ya sanduku. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba mgeni wao wa kutoka Ulaya anataka aendelee nao katika wilaya nyingine, na anataka jibu leo jioni.

"Nataka neno lako, mzee. Sitaki uje kusema sikukuuliza."

"Na leo mnaenda wapi?"

"Busiu."

"Nakuja."

Alinitazama kutoka kofia hadi viatu. Dereva hakuruhusiwa kupakia mtu asiye wa kazi, lakini nani atamkatalia askari mwenye sare? Nikapanda nyuma na sanduku na yule mgeni, mama mrefu aliyeungua pua na jua. Njia nzima nilitazama visogo viwili vya mbele. Dereva alisema neno, mke wangu akacheka. Sikusikia neno gani, injini ilikuwa inanguruma.

Busiu akina mama walikuwa wamekusanyika tayari kwenye baraza ya mashine ya kusaga mahindi, watoto mgongoni. Walikuwa wengi, wanasukumana. Nikaona nafasi yangu ya kufaa, mke wangu aone kwamba nami nina kazi. Nikashuka na khaki yangu, nikaita kwa sauti ya gerezani:

"Panga mstari! Kila mtu ashike mtoto wake! Hakuna kutoka!"

Baraza ikawa tupu. Sijawahi kuona watu wakiondoka kimya namna ile. Waliingia migombani, ikabaki kandambili moja ya mtoto.

Mke wangu alikuwa ameshika kichupa cha matone mkononi. Akakifunga, akakirudisha kwenye barafu.

"Afande," dereva akasema polepole, "hapa khaki ikisema Kiswahili, watu hawaulizi inasema nini. Walishaona wenzao wakipangwa mstari, wengine hawakurudi."

"Mimi ni magereza. Si jeshi."

"Toa shati, bwana. Beba sanduku."

Nikatoa. Nikabaki na fulana yenye tundu begani, sanduku la baridi kichwani, nikimfuata mtu ambaye nilitamani apotee. Akatembea kando ya migomba akisema Kigisu kwa sauti ya mtu anayesimulia mkasa. Niliposikia kicheko cha kwanza ndani ya majani, nikamuuliza anawaambia nini.

"Nawaambia ukweli. Wewe si wa serikali leo. Wewe ni bwana wa sista, umemfuata kwa sababu ya wivu, na sista amekupa adhabu ya kubeba barafu."

"Nani alikuambia nina wivu?"

"Afande, hata tairi ya spea inajua."

Wakaanza kutoka. Mama mmoja alinizunguka, akatazama tundu la fulana, akasema kitu, wenzake wakajishika mbavu. Dereva akatafsiri bila kuulizwa: anasema na yeye angepata wa kumfuata hivi asingekimbia. Walitufuata hadi barazani, wengi wao wamekuja kumtazama mwenye wivu kuliko kutafuta dawa, lakini watoto walifungua midomo na matone yaliingia. Mwenye kandambili naye alirudi. Mgeni aliuliza kuna nini. Mke wangu akamweleza, akageuka akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika nguzo. Kule Nalufenya alikuwa akicheka hivyo.

Kurudi, niliomba nikae mbele katikati yao, nisikie wanachoongeaga. Hawakuongea. Gari lilipoanza tu mke wangu alilala, kichwa kikanigonga bega.

"Analala hivyo siku zote," dereva akanong'ona. "Mimi huongea peke yangu."

Nikaona afadhali nisingejua. Sasa nilimwonea dereva wivu wa usingizi huo pia.

Tulipofika bohari mke wangu alirudisha chupa zilizobaki ndani ya friji, akagusa barafu kwa kiganja, akafunga mlango. Mgeni alikuwa anangoja kwenye gari.

"Haya, mzee. Neno lako."

Nilikuwa nimeandaa mengi. Nikafikiria fimbo ya mdogo wangu, nikafikiria kitanda kipana.

"Nenda," nikasema. "Lakini kaa kiti cha nyuma."

"Nyuma linakaa sanduku."

"Kaeni wote."

Alinifunga upya vifungo vya shati, kimoja nilikuwa nimekikosea tundu, akaenda.

Haikupita muda, nikitoka zamu, jirani wa mihogo akaniita.

"Afande, amepita. Leo yuko nyuma."

"Peke yake?"

"Na sanduku. Amelikumbatia."

Nilinunua mihogo, nikaingia ndani. Nikakaa ukingoni mwa kile kitanda, nikaanza kulionea wivu sanduku.