Nimegundua dawa ya gauti kwenye ua wa nyumba yangu Komarock

Wakuu, hamjambo. Sina sababu ya kuwadanganya, maana kisa chenyewe kinaniaibisha vya kutosha.

Nina digrii ya kemia ambayo nimeitumia kuandika makala tu. Pia nina gauti, ule ugonjwa wa kuvimba viungo. Nalaumu mbuzi wa kuchoma wa Kiamaiko, ingawa hakuna mbuzi aliyewahi kunilazimisha.

Mwezi uliopita, siku mbili kabla ya harusi ya binti yangu Atieno, kidole gumba cha mguu kilivimba kikawa kama nyanya. Shuka ikikigusa, napiga nduru.

Na ni mimi niliyetakiwa kumtembeza hadi madhabahuni!

Sasa, kwenye ua wangu kuna mmea unaotambaa. Ncha za majani hujikunja zikashika waya kama vidole, na maua yake ni mekundu na manjano kama moto. Jirani yangu Mama Mutua, mtu wa Machakos, aliwahi kuniambia, "Hiyo ni dawa, Baba Atieno. Kwetu tunachimba mzizi. Ikionjwa mara moja tu, shida imeisha."

Nikatafuta jina lake kwenye simu. Gloriosa. Ndani yake kuna kolchisini.

Wakuu, niliruka, kwa mguu mmoja! Kolchisini ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya gauti. Huzuia chembe nyeupe za damu zisijazane kwenye kiungo. Yaani famasi nzima imeota kwenye seng'enge yangu!

Nikachechemea na jembe. Kikatoka kiazi kinene, kimepinda kama kiwiko. Nikakikatakata, nikakichemsha, nikajaza kikombe. Nikakiacha kipoe, huku nikitunga kichwani makala ya kuwasuta madaktari.

Mama Mutua akaingia jikoni na sufuria za harusi, akaona mabaki ya kiazi mezani.

"Baba Atieno, hata kwako wamezidi?"

"Kina nani?"

"Panya! Si unawapikia dawa?"

"Hii ni yangu, Mama. Ya mguu."

Sufuria zikaanguka. "Yako? Kwani wewe ni panya? Woi! Yunivasiti ulisomea nini?"

Nikarudi kwenye simu, nikasoma aya ambayo furaha ilinifanya niiruke: kipimo kinachotibu na kinachoua vimekaribiana mno, na kuchemsha hakupunguzi makali. Kidonge kimepimwa. Kiazi hakijapimwa na mtu.

Nikatazama kikombe. Kilikuwa kimepoa vizuri kabisa.

Tulikimwaga chooni, nikaenda kliniki, nikapewa vidonge. Jumamosi nilimtembeza Atieno nikiwa na suti na sandali za akala. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukachuruzika.

Hadi leo nausifu ule mmea. Lakini Kiswahili chetu, wakuu! Dawa ya kikohozi ni dawa, dawa ya mende pia ni dawa. Mtu akikuambia "hiyo ni dawa", usiulize imetibu wangapi. Uliza kwanza: ni ya nani?

Haya, nichekeni. Halafu mniambie, kwenye ua wenu kumeota nini?