Lipu ya Chumba cha Uani

Harufu ya saruji mbichi imenirudisha kwa baba, akipiga lipu chumba hikihiki baada ya mto Mkondoa kufurika na kuingia ndani tena. Mama alitaka ukuta wa udongo ukandikwe kwa udongo, kwa mikono, kama kijijini kwao Kidete.

"Sisi tunakaa mjini," baba alimjibu.

Alilainisha kwa mwiko mpaka jasho likamdondoka. Kabla hajanawa, bamba zima lilibanduka likaangukia miguu yake. Akasonya.

"Njoo tusogeze kitanda, tuzibe hapa," alimwambia mama.

Leo mke wangu kasema tukandike kwa udongo. Nimemwambia hapa ni mjini. Sasa lipu yangu iko sakafuni, naye ameshika upande mmoja wa kitanda, ananisubiri.